Rivolva ya .38 kama silaha ya kwanza: miezi kumi na minane nayo hapa Tukuyu

Muuzaji aliniwekea bastola tatu juu ya meza, akaitanguliza iliyo ndogo kuliko zote. "Hii ndiyo ya kina mama," akasema, "inaingia hata kwenye mkoba." Nikaishika. Kidole changu cha mwisho kilikosa mahali, kikabaki kinaning'inia chini ya mpini.

Wifi yangu wa Uyole ameanza hatua za kibali mwezi huu. Ameniuliza anunue ipi, ya bei nafuu, yeye ambaye hajawahi kushika silaha maishani. Nilianza kumrekodia sauti kwenye simu, nikaona maneno ni mengi, na wapo wengine walio kwenye hatua yake. Basi nayaandika, asome yeye na wasome wengine.

Mimi ni mnunuzi wa ndizi na parachichi, nina miaka 54, mjane. Nanunua Katumba, Masoko, mpaka Mwakaleli, napakia lori la Dar es Salaam mara moja au mbili kwa wiki. Wakulima wengi siku hizi wanapokea malipo kwa simu, lakini mzee mwenye mikungu kumi ya ndizi bado anataka noti mkononi, nami simlaumu. Stoo yangu ilivunjwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya pili mlinzi alikatwa panga begani. Kabla ya kuwaza silaha niliweka taa, nikajenga ukuta, nikafuga mbwa wawili, nikapunguza pesa taslimu hadi kiasi ambacho kikipotea nalia siku moja tu. Mtu ambaye hajafanya hayo, bastola haitamsaidia kitu. Mimi ilikuja mwisho, na naona ndiyo nafasi yake.

Habari ya kibali sitaichambua hapa, maana ofisi ya polisi wilayani itakueleza vizuri kuliko mimi. Ujue tu kwamba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 utaanzia serikali ya mtaa wako, utapita kamati za ulinzi na usalama, utachukuliwa alama za vidole, na utatakiwa uthibitishe kwamba umefundishwa kuitumia silaha unayoiomba. Kila silaha ina leseni yake. Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika kuchagua. Nchi nyingine, Marekani kwa mfano, mwanafunzi hushauriwa aanze na bastola ya .22 (namba hizi, .22 au .38, hutaja upana wa risasi kwa inchi, kwa makadirio), yenye risasi ndogo na ya bei rahisi, halafu akishakomaa anunue kubwa zaidi. Ushauri ni mzuri kabisa, ila kwetu mtu wa kawaida hatapitia safari ya vibali mara mbili. Silaha ya kwanza ndiyo hiyo hiyo utakayoishi nayo, kwa hiyo inabidi iwe mwalimu wako na mlinzi wako kwa pamoja.

Tuirudie ile ndogo. Sitaitaja jina, kwa sababu kasoro zake ni za udogo wenyewe, na ndogo zote zinafanana. Aliyenifundisha ni sajenti mstaafu, mtu mpole sana, nilikuwa namwita Afande hivyo hivyo. Yeye alikuwa na bastola ya jamii hiyo, ya milimita tisa, mpini wa plastiki, uzito wake haufiki nusu kilo. Aliniwekea risasi moja tu kwenye magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Nikalenga, nikafyatua. Mtutu uliruka ukaangalia mawingu, na ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachubuka. Nilidhani nimekosea namna ya kushika. Afande akasema, "Hapana, Mama. Hiyo ni risasi ya kilo moja kwenye bastola ya nusu kilo."

Maneno yale yalinifungua macho. Risasi ina nguvu ile ile hata ukiifyatua kutoka kwenye bastola kubwa. Nguvu ile inarudi nyuma, na kinachoipunguza kabla haijafika mkononi mwako ni uzito wa chuma. Punguza chuma, teke lote linaingia kwenye kiganja. Halafu ndogo ina mtutu mfupi, na umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni mfupi pia, kwa hiyo ukikosea kwa unywele hapa, kule kwenye shabaha umekosea kwa shibiri. Springi yake nayo ni ngumu, kwa sababu inabidi izuie nguvu ile ile ndani ya nafasi ndogo. Bastola ndogo ni ya mtu aliyebobea. Kumpa mwanamke anayeanza kwa sababu tu mkono wake ni mdogo ni kumwonea, na inaniuma kuona wauzaji wanaendelea kufanya hivyo wakidhani wanatusaidia.

Tuliposhuka kutoka uwanja wa shabaha siku ile nilimwambia Afande nataka kuacha. Hakunibembeleza. Akasema nirudi Jumamosi nijaribu nyingine tatu kabla sijaamua. Wifi, kama kuna jambo moja la kushika katika yote haya, ni hilo: usilipe shilingi kabla hujafyatua risasi angalau ishirini kutoka kwenye silaha ya aina unayotaka kununua.

Jumamosi ile nilijaribu ya kwanza, Glock 19 ya Austria. Ina uzito wa gramu 595 bila magazini, inabeba risasi 15, na nikiri kwamba ilikuwa rahisi kupiga nayo shabaha. Haina kitasa cha usalama cha kubonyeza kwa kidole. Usalama wake umo ndani ya triga yenyewe, yaani kile kidude cha kuvuta kwa kidole, kwa hiyo mtu akiivuta, imefyatuka. Ni silaha bora, polisi wa nchi nyingi wanaitumia. Mpya ilikuwa nje ya mfuko wangu kabisa.

Ya pili ilikuwa CZ 75, ya Wacheki, aina iliyobuniwa mwaka 1975 kama jina lake linavyosema. Ni ya chuma kitupu, inakaribia kilo nzima, na teke lake ni laini mpaka nilicheka. Iliyotumika hupatikana kwa bei inayovumilika. Hii nilitaka kuinunua. Lakini ile slaidi, yaani kipande cha juu kinachovutwa nyuma kukoki, kwenye CZ hupita ndani ya mwili wa bastola badala ya kuufunika kwa nje. Ubunifu huo unasifiwa kwa ulengaji, ila unaacha ukingo mwembamba sana wa kushika. Vidole vyangu vimekaza kwa miaka ya kubeba mikungu, na asubuhi za Juni hapa kwetu baridi inavishika zaidi. Nilivuta mara kumi, nikafanikiwa mara sita. Mtu mwenye vidole vizima, hasa kijana, aiangalie CZ iliyotumika kwa makini sana. Ningekuwa na miaka thelathini ningeandika makala nyingine.

Ya tatu ilikuwa rivolva. Smith & Wesson Model 10, mtutu wa inchi nne, risasi sita za .38 Special.

Nieleze kwanza ni chombo gani. Kampuni ile ilianza kuitengeneza mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, ikaipa namba 10 mwaka 1957, na zimetoka zaidi ya milioni sita. Ni mashine ya zamani, na wingi huo ndio unaifanya iliyotumika iwe nafuu. Haina magazini, haina slaidi ya kuvuta, haina kitasa cha usalama. Kuna silinda yenye matundu sita. Unasukuma kitufe upande wa kushoto, silinda inalala nje, unatumbukiza risasi moja moja kama mtu anayepanda mahindi, unairudisha. Ukivuta triga, nyundo inainuka yenyewe na silinda inazunguka mpaka tundu linalofuata. Mvuto huo ni mzito, kama kilo tano kwa kidole kimoja. Ukitaka, unainua nyundo kwanza kwa kidole gumba, na hapo triga inakuwa nyepesi sana.

Uzito wake bila risasi unakaribia kilo moja. Nilifyatua sita za kwanza kwa mita saba. Zote zilikuwa kwenye karatasi, nne karibu karibu. Mkono haukuuma.

Lakini sikuichagua kwa sababu ya shabaha. Niliichagua kwa sababu ya jicho, na hapa naomba nikae kidogo.

Nyumbani kwangu kuna mjukuu wa miaka sita. Kosa linaloua watu wengi majumbani kwa bastola za magazini ni moja, linajulikana dunia nzima: mtu anatoa magazini, anaona mikono yake imeshika magazini yenye risasi zote, anaamini silaha ni tupu. Kumbe moja imebaki chemba, yaani nyuma ya mtutu, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ananyoosha, anavuta triga "kujaribu tu". Mtu mzoefu hukagua chemba bila kufikiri, kama sisi tunavyogusa sufuria kwa kitambaa. Mgeni husahau, hasa akiwa amechoka, hasa usiku. Rivolva ukiifungua unaona matundu sita na mwanga unapita. Hakuna mahali pa kujificha risasi ya saba. Naifungua kila ninapoitoa kwenye sefu, na bado baada ya kuangalia napitisha kidole kwenye kila tundu, moja mpaka sita, nikihesabu kwa sauti. Mjukuu akinisikia nahesabu anajua chumba kile haingii.

Ndiyo maana namwambia wifi: kwa mtu anayeanza, nunua silaha ambayo mkono wako unaimudu na jicho lako linaisoma. Mengine yatafuata.

Sasa habari ya kununua iliyotumika, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kupoteza pesa. Duka la kwanza nililokwenda (si Tukuyu, na sitasema ni wapi) walikuwa na rivolva ya .38 kwa bei ambayo ilinifanya nihisi Mungu amenikumbuka. Nzuri, imenolewa inang'aa, mpini wa mbao. Muuzaji aliniambia, "Dada, .38 ni .38." Nilimwomba anisubirie siku mbili, nikampigia Afande, naye kwa hisani yake akapanda gari tukaenda wote.

Afande aliigeuza kwenye mwanga, akasoma maandishi ya ubavuni, akaomba risasi moja tupu ya .38 Special, ganda tu. Akaniambia niangalie. Kumbe kuna .38 mbili. Rivolva nyingi zilizoletwa makoloni ya Kiingereza, Webley na Enfield na hata Smith & Wesson zilizotengenezwa kwa ajili ya Waingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, zinatumia risasi ya .38 fupi. Ganda lake lina urefu wa karibu milimita 20, na ni nene kidogo. Ganda la .38 Special lina karibu milimita 29, na ni jembamba zaidi. Katika rivolva ya asili ya Kiingereza, .38 Special haiingii mpaka mwisho, inagoma. Ile ya dukani iliingia mpaka mwisho. Afande akatikisa kichwa. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alichimba matundu ya silinda yawe marefu ili imeze risasi inayopatikana. Sasa ganda jembamba linakaa kwenye tundu pana upande wa nyuma, na ukifyatua, ganda linavimba au kupasuka usoni pako.

Alinionyesha kwa kutikisa ganda ndani ya tundu. Lilicheza kama jino la mtoto. Nilitazama vidole vyangu nikaondoka bila kusema neno.

Kwa hiyo ukiambiwa ".38", uliza ipi, na usome kwenye mtutu. Neno Special lazima liwepo, kwa herufi, na liwe la kiwandani. Na kabla ya kununua silaha yoyote, pita kwanza kwenye duka la risasi uulize kama risasi zake zipo leo na zilikuwepo mwezi uliopita. Bastola ya bei rahisi yenye risasi zisizopatikana ni uzito wa karatasi mezani.

Model 10 yangu niliipata miezi miwili baadaye, kutoka kwa mtu aliyekuwa anaachia silaha kihalali kupitia duka lenye leseni. Bei yake ilikuwa kama ya ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye mimba kwa bei zetu za Rungwe. Afande aliikagua mbele yangu kwa robo saa, na nitaeleza alivyofanya, maana ukaguzi huu hauhitaji kifaa chochote.

Kwanza alifungua silinda, akahakikisha ni tupu, akanipa na mimi nihakikishe. Kisha akalinganisha namba iliyochongwa chini ya mpini na ile iliyo kwenye makaratasi, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Namba ikitofautiana hata moja, weka chini, ondoka. Akaangalia skrubu za ubavuni: kama vichwa vyake vimetafunwa, kuna fundi wa kienyeji aliyeingia ndani. Zangu zilikuwa safi. Akaweka karatasi nyeupe nyuma ya silinda, akachungulia mtutu kutoka mbele. Mifereji ya ndani inayozungusha risasi ilionekana mikali, bila mashimo ya kutu.

Halafu akairudisha silinda, akavuta triga taratibu mpaka nyundo ikashuka, akaishikilia triga pale pale nyuma, na kwa mkono mwingine akajaribu kuitikisa silinda kulia na kushoto. Ilicheza kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu. Ikicheza sana, tundu halilingani na mtutu, na risasi itakwanguliwa ikiingia. Alifanya hivyo kwa matundu yote sita. Baadaye akainua nyundo, akaisukuma kwa nguvu kwa kidole gumba kutoka nyuma bila kugusa triga. Ikianguka, imechakaa, ni hatari. Haikuanguka. Mwisho akainyanyua kwenye dirisha, akanionyesha uwazi mwembamba kati ya silinda na mtutu. Karatasi moja ya kawaida ilipita. Ya pili juu yake ilipita kwa shida. Akasema, "Hii bado ina maisha marefu kuliko mimi."

Uwazi ule una habari yake. Moto na vumbi la risasi hutokea pale kila unapofyatua. Usiweke kidole gumba wala kingine chochote mbele ya silinda. Wanaotoka kwenye bunduki ndefu kuja kwenye rivolva hujisahau hapo.

Kuhusu gharama, nisiwadanganye: risasi ya .38 Special ni ghali kuliko ya milimita tisa. Milimita tisa inatengenezwa kwa wingi kuliko risasi nyingine zote za bastola, na bei yake inaonyesha. Kwa mtu anayetaka kufyatua boksi zima la risasi 50 kila wiki, bastola ya milimita tisa itamrudishia tofauti. Mimi sifanyi hivyo, wala wifi hatafanya. Nafyatua ishirini na nne kwa mwezi, silinda nne, kila moja nikiijali.

Mazoezi mengine yote nayafanya nyumbani bila risasi. Naifungua, nahesabu matundu, risasi halisi naziacha chumba kingine kabisa, natumbukiza zile za mfano zisizo na baruti, nalenga ukuta wa mawe wa stoo ambao nyuma yake ni kilima. Afande alinifundisha kuweka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele. Unavuta triga ile nzito polepole mpaka nyundo ishuke, na sarafu isianguke. Wiki ya kwanza ilianguka kila mara, ikawa inalia sakafuni, ting, ting, mpaka mjukuu akauliza kupitia mlangoni, "Bibi, unahesabu hela?" Mwezi wa tatu ilianza kutulia. Triga nzito ya rivolva inamfundisha mtu uvumilivu wa kidole, na huo uvumilivu hautaupata kwa kununua risasi nyingi.

Gharama hazikuishia kwenye kununua silaha tu. Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa nati kwa ndani ilinigharimu zaidi ya nilivyotegemea, na ndiyo pesa niliyotumia kwa amani kuliko zote. Vifunika masikio ni lazima: mlio wa bastola unapita desibeli 150, na sikio likishaharibika halirudi. Miwani pia. Ukitoka kufyatua, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa ugali, kwa sababu risasi hutengenezwa kwa madini yanayoitwa risasi pia, nayo ni sumu. Mwenye bajeti ya bastola tu hana bajeti ya bastola.

Sasa kasoro, maana zipo. Sita ni sita. Ukizimaliza, kujaza tena gizani huku mikono inatetemeka ni kazi ndefu. Kwa mwenzangu anayesindikiza mishahara barabarani sitamshauri rivolva. Na kilo moja kiunoni siku nzima inachosha nyonga. Ninapokwenda shambani na kuinama kuhesabu mikungu, inanisukuma mbavu. Nilijaribu kuifunga chini ya kitenge, haikukaa. Sasa naivaa chini ya koti zito, na Tukuyu koti zito linavaliwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Dar es Salaam isingewezekana.

Jambo lililonisumbua zaidi ni mvua. Wanaojua Tukuyu wanajua: kuna miezi nguo haikauki kamba ya nje wiki nzima, na kuta zinatoka jasho. Model 10 yangu ni ya chuma kilichotiwa weusi, si cha pua. Mwezi wa nne wa kwanza niliiweka kwenye sefu ikiwa ndani ya ala yake ya ngozi, nikaiacha hivyo siku kumi nilipokuwa Mbeya mjini kwa matibabu. Niliporudi nikakuta vidoa vya rangi ya udongo kwenye silinda, saba, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti, vimejipanga kufuata mshono wa ala. Nilijisikia vibaya kama mtu aliyeacha ng'ombe bila maji. Ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, na dawa za kutengenezea ngozi zinaongezea.

Nilivisugua kwa mafuta na kitambaa laini, jioni tatu mfululizo. Vitano vilitoka, viwili viliacha alama ambazo bado zipo. Tangu hapo ala inakaa msumarini na rivolva inakaa sefuni peke yake, imepakwa mafuta mepesi kwa nje, juu ya taulo kavu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Navikusanya kwa majirani. Navikausha juani likipatikana. Kila Jumapili baada ya ibada naifungua, nahesabu, nafuta. Mvua mbili zimepita bila doa jipya. Mtu wa Usangu au Iringa mjini, kwenye ukavu, hahitaji usumbufu huu wote. Wa Rungwe, Kyela na Mufindi atafute ya chuma cha pua akiipata kwa bei anayoiweza, au akubali kuifuta kama ninavyofuta.

Na ukisafiri ukaacha nyumba, uliza polisi utaratibu wa kuikabidhi. Mimi nilifanya hivyo niliposafiri mara ya pili. Usimwachie mtu, hata awe mwanao wa kumzaa. Leseni ina jina lako.

Katika miezi kumi na minane sijaielekeza kwa binadamu, na nasali iwe hivyo mpaka nitakapoirudisha serikalini. Stoo haijavunjwa tena, lakini siwezi kusema ni kwa sababu ya rivolva, maana ukuta na mbwa na taa vilitangulia, na mlinzi sasa yuko na mwenzake.

Wifi, kwa hiyo hivi. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao Afande atakuwa uwanjani. Nitakuja na gari kukuchukua Uyole saa moja asubuhi, uvae viatu vya kufunga na blauzi isiyo na shingo wazi, kwa sababu maganda ya zile bastola za magazini yanaruka yakiwa ya moto. Utaanza na CZ, kwa sababu wewe vidole vyako vinashona cherehani na vina nguvu kuliko vyangu. Ukiweza kuvuta slaidi mara kumi kati ya kumi bila kukunja uso, tutaitafuta CZ iliyotumika, na nitakufundisha kukagua chemba mpaka uote ndotoni. Ukishindwa hata mara moja, nitakupa yangu ufyatue sita. Mtutu uelekee kwenye kilima muda wote, kidole kikae nje ya triga mpaka Afande aseme. Sarafu ya mia mbili nitakuja nayo.